Laana Ambayo Haikuandikwa

Maneno haya yalisemwa redioni katika ibada ya asubuhi. Somo: Mwanzo 9:18-27.

 Huku kwetu Mwanda ukungu umeshuka hadi barabarani asubuhi hii, na wengi wenu najua mnanisikiliza mkiwa mekoni, mkingoja chai ichemke. Mwenye Biblia karibu na afungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, mstari wa 18. Asiye nayo asikie tu, nitakwenda polepole.

Habari yenyewe ni fupi. Nuhu ametoka safinani, amepanda mizabibu, amekunywa divai yake, amelewa, na sasa amelala uchi hemani mwake. Hamu mwanawe akamwona, akatoka nje akawaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wakatwaa nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Nuhu alipolevuka akajua alilotendewa, akatamka laana.

Sasa nauliza, alimlaani nani? Wakristo kumi ukiwauliza, tisa watakujibu: Hamu. Tazameni tena mstari wa 25. Aliyelaaniwa ni Kanaani, mtoto wa Hamu. Hamu mwenyewe hakulaaniwa. Kushi hakulaaniwa, wala Misri, wala Putu, na hao ndio ndugu zake Kanaani katika sura ya 10. Rangi ya ngozi haikutajwa hata mara moja, katika sura hii wala katika ile inayofuata. Na liko jambo jingine ambalo wahubiri hupenda kuliruka: laana ile ilitamkwa na mtu aliyekuwa anatokwa na ulevi. Mungu alikwisha kunena mapema, katika mstari wa 1 wa sura hiyo hiyo, na alichofanya Mungu ni kumbariki Nuhu pamoja na wanawe. Hamu alikuwamo.

Mzee mmoja wa kanisa, mcha Mungu kweli kweli, aliniuliza baada ya ibada: "Mchungaji, si ndiyo sababu sisi watu weusi tuko nyuma? Si tulilaaniwa katika Hamu?" Hakuuliza kwa mzaha. Alifundishwa hivyo tangu utoto, na aliyemfundisha naye alifundishwa. Nikamwambia, "Mzee wangu, keti tusome pamoja." Tulisoma mara tatu. Nami leo nataka tuone usomaji ule mbaya ulitoka wapi, ukapitia wapi, na ulifika wapi mwaka 1994 katika nchi jirani ya Rwanda. Maana ulisafiri, ndugu zangu, na njiani ukavaa koti la elimu.

Kwa mamia ya miaka wafanya biashara ya watumwa, Wakristo na wasio Wakristo, waliitumia habari ya Hamu kujitakasa mikono. Walisema mtu mweusi ni mtoto wa Hamu, na mtoto wa Hamu ni mtumwa kwa amri ya Mungu. Kisha likatokea jambo la ajabu. Mwaka 1798 Napoleon wa Ufaransa aliingia Misri na jeshi lake, na wasomi aliokwenda nao waliona mahekalu na makaburi makubwa ya zamani, kazi ya watu wenye akili nyingi. Ikawa taabu kwao. Biblia yasema Misri ni mtoto wa Hamu. Basi ikiwa Hamu ni mweusi, na mweusi hana akili, nani alijenga vitu hivi?

Wangeweza kukiri kwamba fundisho lao ni la uongo. Badala yake walimgeuza Hamu! Yule aliyekuwa baba wa weusi akafanywa sasa kuwa mtu wa jamii ya Wazungu, mwenye ngozi iliyochomwa na jua tu, na watoto wake wakaitwa Wahamu. Tangu hapo, kila kitu kizuri kilichoonekana Afrika, ufalme wenye utaratibu, ngome ya mawe, ng'ombe wengi, chuma kilichofuliwa vizuri, kilisemwa kuwa kimeletwa na Wahamu kutoka kaskazini. Mwaka 1930 mwalimu mmoja wa London, Charles Seligman, alitoa kitabu kuhusu mataifa ya Afrika kilichofundisha jambo hilo, nacho kilichapwa tena na tena kwa miaka mingi. Angalieni, mstari ule ule wa Biblia ulithibitisha kwanza kwamba Hamu ni mtumwa, na baadaye kwamba Hamu ni bwana. Elimu ya kweli haiwezi kufanya hivyo. Mkulima akikuambia leo kwamba mbegu hii huota kwa mvua tu, na kesho kwamba huota kwa kiangazi tu, hununui mbegu zake.

Aliyelileta jambo hili katika nchi za maziwa alikuwa Mwingereza John Hanning Speke. Aliondoka Unguja mwaka 1860 akitafuta chanzo cha mto Nile, na mwishoni mwa 1861 akafika Karagwe, katika Tanzania ya leo, kwa mfalme Rumanika. Akaona watu warefu wenye ng'ombe na ufalme uliopangwa vizuri. Mara moja akaamua kwamba hawa si Waafrika hasa, wametoka Ethiopia. Alimwambia hata Rumanika kwamba ukoo wake watokana na mfalme Daudi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863. Rwanda hakuikanyaga kamwe, lakini waliokwenda Rwanda baada yake walikwenda na mawazo yake vichwani.

Hapo ndipo vipimo vilipoanza, nasi Wataita tunayo sehemu katika habari hiyo. Wazee wetu wa zamani, kama wengi wenu mjuavyo, walizika mtu mzima, na baada ya muda kaburi likafunguliwa, fuvu likatolewa na kuwekwa kwa heshima katika pango la jamaa. Mapango hayo yako mpaka leo katika vilima vyetu. Wakati wa ukoloni baadhi ya mafuvu hayo yalichukuliwa yakapelekwa Cambridge, Uingereza. Mwaka 1931 habari ya mafuvu ya Kenya iliandikwa katika jarida la kisomi, nayo mafuvu ya Wataita yakiwamo. Baadaye William Howells, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipima mafuvu 83 ya Wataita yaliyoko Cambridge, 33 ya wanaume na 50 ya wanawake, na matokeo akayachapisha mwaka 1973. Simsemi Howells kuwa mtu mwovu. Vipimo vyake vimesaidia kuonyesha jinsi wanadamu walivyochanganyika. Nataka mjue tu kwamba bibi wa mtu, aliyewekwa pangoni na wanawe, alipata kuwa safu ya tarakimu.

Ng'ambo ya mpaka wetu, Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900, na jamaa yake wanasimulia kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Wamekitafuta miaka mingi. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba wamechunguza mafuvu kama 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki zamani hizo. Machache yalitoka Kenya, zaidi ya 200 yalitoka Tanzania, na sehemu kubwa kabisa yalitoka Rwanda. Mafuvu ya Rwanda mengi yalikusanywa na Jan Czekanowski, aliyefika na msafara wa Kijerumani mwaka 1907. Walitaka kujua, kwa koleo za kupimia, ni nani mkubwa na nani mdogo katika wanadamu.

Hata Nairobi elimu hiyo ilikuwa na wenyeji wake. Katika miaka ya 1930 Dakta Gordon wa hospitali ya Mathari alipima vichwa vya Waafrika kwa maelfu, na mwenzake Vint, daktari wa serikali, alipima bongo 100 za maiti, akazilinganisha na vipimo vya bongo za Wazungu vilivyochapishwa na watu wengine mahali pengine. Wakahitimu kwamba Mwafrika wa Kenya amepungukiwa tangu kuzaliwa, na kwamba shule nyingi zaweza kumdhuru. Hawakuuliza juu ya njaa, wala malaria, wala magonjwa ya utotoni ya watu wale. Jibu walikuwa nalo kabla ya kushika kipimo. Kule kusini-magharibi mwa Afrika, Namibia ya leo, Wajerumani waliwaangamiza Waherero na Wanama kuanzia mwaka 1904, na miaka michache baadaye Eugen Fischer akaenda huko kupima watu waliozaliwa na wazazi wa rangi mbili. Bwana huyo alirudi kwao, akawa mkuu wa chuo cha utafiti Berlin, na mafundisho yake yakawa msaada kwa utawala wa Hitler, uliowaua Wayahudi milioni 6.

Lakini turudi Rwanda, maana ni jirani yetu.

Wanyarwanda walikuwa taifa lenye lugha moja, Kinyarwanda. Walimwita Mungu kwa jina moja, Imana. Waliishi kilima kimoja, waliozana. Na hapa msikilize sana: koo zao zilikuwa za pamoja. Katika ukoo mmoja, kwa mfano Abasinga au Abega, walikuwamo Wahutu, Watutsi na Watwa. Nasi kwa Kiswahili tumezoea kuyaita mauaji yale "mauaji ya kimbari", na mbari maana yake ni ukoo, lakini watu wa mbari moja waliuana, wakiambiwa kwamba wao ni wa aina mbili. Tofauti ilikuwapo, sikatai. Mtutsi kwa kawaida alikuwa mtu wa ng'ombe na mamlaka, Mhutu mtu wa jembe, na mwenye nguvu alimwonea asiye nazo, kama ilivyo duniani kote. Watu waliweza kupanda na kushuka. Haikuwa damu.

Wabelgiji walioitwaa nchi hiyo katika vita vya kwanza vya dunia ndio walioifanya kuwa damu. Waliwakuta Watutsi watawala, wakasema: hawa ndio Wahamu wa Speke. Walipima urefu, walipima pua. Wahutu waliokuwa machifu wakaondolewa. Katika sensa ya 1933 na 1934 kila mtu aliandikwa ni kabila gani, kisha akapewa cheti chenye neno hilo: Mhutu, Mtutsi, au Mtwa. Babu zetu wa Kenya walivaa kipande shingoni na waliona uchungu wake. Kile cha Rwanda kilirithiwa na mtoto kutoka kwa baba yake. Pale ambapo mtu angeweza kubadilika, karatasi ilimfunga.

Kanisa lilikuwa wapi? Kanisa lilikuwa mstari wa mbele. Askofu Léon Classe, mkuu wa kanisa Katoliki huko, aliwaandikia watawala mwaka 1930 kuwaonya wasiwape Wahutu uchifu badala ya Watutsi. Shule bora za misheni ziliwapa nafasi watoto wa Kitutsi. Na sisi Waprotestanti tusinyoshe kidole kwa Wakatoliki peke yao, maana wamishenari wa kila upande walisoma vitabu vile vile. Mtoto wa Kihutu aliketi katika shule ya Kristo akafundishwa kwamba yeye aliumbwa mtumishi, na mtoto wa Kitutsi karibu naye akafundishwa kwamba yeye ni mgeni mtukufu aliyetoka mbali. Wote wawili waliamini.

Mnaona hatari iliyojificha katika sifa ile? "Mgeni aliyetoka mbali." Siku upepo ulipogeuka, sifa ikawa mashtaka. Mwaka 1957 wasomi tisa wa Kihutu walitoa tangazo la kudai haki, na mengi waliyodai yalikuwa haki kweli, lakini walikataa neno la kabila lisifutwe katika vyeti. Novemba 1959 nyumba za Watutsi zikachomwa, maelfu wakakimbilia Uganda, Tanganyika, Burundi na Kongo. Waliowafukuza hawakuutupa uongo wa Wabelgiji. Waliuchukua mzima, wakaupindua tu: kama hawa ni Wahamu kutoka Ethiopia, basi si wenyeji, na warudi kwao.

Tarehe 22 Novemba 1992, mahali paitwapo Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano wa chama chake. Alikuwa msomi mwenye shahada ya udaktari kutoka Kanada. Aliwaambia watu kwamba kwao Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watawapeleka huko kwa njia ya mkato, kwa mto Nyabarongo. Watu walielewa, kwa maana Nyabarongo hauchukui mashua kwenda Ethiopia. Baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha, mwaka 2016, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

Na yalitoka zaidi kwa redio. Nasema haya nikiwa mbele ya kipaza sauti, nanyi mnanisikia kwa chombo kama kile kile. Redio RTLM ilianza mwaka 1993, ikapiga muziki mzuri, ikachekesha watu, ikawaita Watutsi mende. Mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwalimu wa historia katika chuo kikuu. Ndege ya rais ilipoangushwa tarehe 6 Aprili 1994, vizuizi viliwekwa barabarani usiku ule ule, na swali kwenye kizuizi lilikuwa moja: cheti kiko wapi? Ile karatasi ya mwaka 1933, iliyotokana na pua zilizopimwa, iliyotokana na kitabu cha Speke, iliyotokana na mstari wa Biblia uliosomwa vibaya, sasa ilisomwa na kijana mwenye panga. Kwa siku kama 100 Umoja wa Mataifa wahesabu watu wapatao 800,000 waliouawa; serikali ya Rwanda yasema ni zaidi ya milioni moja. Wahutu waliokataa kuua, au waliowaficha jirani zao, waliuawa pamoja nao.

Maiti zilitupwa mtoni, kama Mugesera alivyosema. Nyabarongo huingia Akagera, Akagera hupita maporomoko ya Rusumo mpakani mwa Tanzania na kuingia ziwa Victoria, na kutoka ziwa hilo hutoka Nile. Njia ya maji aliyoitafuta Speke ndiyo hiyo. Wavuvi wa Uganda upande wa Kasensero, Lambu na Ggolo waliziopoa maiti kwa mikono yao, wakazika zaidi ya 10,000. Watu wengi kando ya ziwa waliacha kula samaki.

Wengi waliouawa walikuwa wamekimbilia makanisani. Ntarama, Nyamata, Kibeho, ni majina ya makanisa. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Waadventista alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa kule Arusha mwaka 2003. Na kwetu Waanglikana, Askofu Samuel Musabyimana wa Shyogwe alikamatwa Nairobi mwaka 2001, akashtakiwa mahakama hiyo hiyo. Alikana mashtaka, naye alikufa Januari 2003 kabla kesi yake haijasikizwa. Simhukumu mtu ambaye mahakama haikumhukumu. Lakini jina la dayosisi yake lipo katika karatasi za mashtaka, na dayosisi hiyo ni ya ushirika wetu.

Wazee wa Uamsho wanaonisikiliza, mnajua kwa nini jambo hili lanichoma. Moto wa Uamsho ulitoka wapi? Ulitoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Mwaka 1937 ndugu wa kutoka huko walifika Kabete, na kutoka Kabete habari ikaenea Kenya nzima, hata vilima hivi vya Taita, ambako Injili ilifika kwanza Sagalla na Mmishenari Wray mwaka 1883. Wimbo wa Tukutendereza tunaouimba hadi leo ulitufikia pamoja na ndugu hao. Watu wale waliungama dhambi mbele ya wote, wizi, uzinzi, uchawi, chuki ya nyumbani. Wahutu na Watutsi walikumbatiana, na wako waliokufa mwaka 1994 kwa sababu ya kukumbatiana huko. Hata hivyo fundisho la Wahamu lilibaki shuleni na katika vyeti, halikuletwa nuruni kama wizi ulivyoletwa. Labda kwa sababu liliitwa elimu. Tunajua kumkemea mchawi, lakini mtu akija na miwani na tarakimu twamwondolea kofia.

Elimu yenyewe, ile ya kweli, imesema nini? Mwaka 1972 mtaalamu Richard Lewontin alipima tofauti za damu za watu wa dunia, akaona kwamba sehemu kubwa, kama 85 katika 100, ziko kati ya mtu na mtu ndani ya jamii moja. Kinachobaki kwa zile ziitwazo mbari ni kidogo sana. Watu wa Mwanda wawili waweza kutofautiana damuni kuliko mmoja wao na mtu wa Norway. Paulo alipowaambia Waathene, katika Matendo 17:26, kwamba mataifa yote yametokana na mmoja, hakuwa na darubini.

Sasa tuje nyumbani. Msiseme, hayo ni ya Rwanda. Wazee wa Kasigau wanajua maana ya kuhukumiwa watu wote kwa jumla: mwaka 1915, wakati wa vita, Waingereza waliwashuku kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha wote mpaka Malindi, wazee, akina mama na watoto, na wengi walikufa huko. Hakuna aliyeulizwa yeye binafsi alifanya nini. Ilitosha kuwa Mkasigau. Na tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto na watu wakiwa ndani. Katika siku zile zaidi ya 1,100 waliuawa nchini Kenya. Neno lililokuwa likisemwa lilikuwa "madoadoa", yaani hawa ni madoa yaliyoingia katika nguo safi, yaondolewe. Hakuna aliyepima pua Eldoret. Lakini fikra ni ile: huyu, jirani yangu wa miaka 30, kwa asili yake si wa hapa.

Nami nasikia maneno kama hayo stendi ya Voi, na nasikia kwenye mikutano ya ardhi. Wabara hivi, Wapwani vile. Kabila fulani ni wezi tangu tumboni mwa mama zao, kabila fulani hawana akili ya biashara. Husemwa kwa kucheka. Ugomvi wa mashamba na maji upo kweli katika wilaya zetu, na una haki zake za kutafutwa kwa sheria. Mtu akikuambia, "Fulani ameuza shamba asilokuwa nalo," mpeleke kwa mzee wa mtaa au mahakamani. Akikuambia, "Watu wa namna ile ndivyo walivyozaliwa," umesikia sauti ya Kabaya.

Walimu wa shule ya Jumapili, ombi langu ni kwenu. Mnapofika Mwanzo 9, msiipite haraka. Mwulizeni mtoto asome mwenyewe, aonyeshe kwa kidole jina la aliyelaaniwa. Halafu mwambieni atafute neno "mweusi" katika sura hiyo. Atatafuta mpaka kengele ilie.

Namaliza na shule nyingine. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, miaka mitatu baada ya mauaji, wanamgambo waliingia shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wanafunzi wakiwa katika masomo ya jioni. Wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Hapakuwa na cheti cha kusaidia. Watoto wenyewe ndio waliotakiwa kujigawa. Walijua Mhutu atakayesogea upande wake ataishi. Walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Waliulizwa tena, wakajibu vile vile. Risasi na mabomu ya mkono vikafuata, sita wakafa, wengine wengi wakaumizwa, na baadhi wanatembea na majeraha hayo mpaka leo. Wahutu na Watutsi walikuwa wamelala sakafuni pamoja, na hata wauaji walipoondoka hawakuwa wamejua nani ni nani.

Kesho saa kama hii tutasoma Matendo sura ya 8, habari za yule mtu wa Kushi, mtoto wa Hamu, aliyekuwa akirudi kwao garini huku akisoma nabii Isaya kwa sauti. Mtu wa kumweleza maana alitumwa kwake mbio. Bwana awe nanyi.